Viatu Mlangoni

Tangu asubuhi, malipo ya sarafu ya mtandao kwa Sikudhani, muuza unga wa mahindi wa rejareja, yalikuwa yamekwama. Ya wauzaji wa jumla yalipita papo hapo. Akaenda kumuuliza Mbarouk, mwenye mitambo ya kuthibitisha malipo ya mji mzima.

“Sarafu hii haina bosi, dada,” Mbarouk alimjibu dirishani, feni za mitambo zikivuma nyuma yake. “Na hao matajiri wa sokoni hata salamu hatupeani.”

Sikudhani akatazama chini. Mlangoni yalikuwepo makubadhi ya Twalibu wa sukari, viatu vyekundu vya Bi Zainaba wa mchele, na vya wauzaji wa jumla wengine wote.

Akavua kandambili zake, akaziweka katikati ya viatu vyao.

“Hodi wenyewe!”

Vicheko vilivyokuwa vikisikika ndani vikakatika, zikabaki feni.