Fimbo ya Darasa la Nne

Mukabalisa, mwalimu mkuu wa shule moja ya Gisozi, alisimama nyuma ya darasa akirekodi somo kwa tableti, kama walivyofundishwa kwenye mafunzo ya walimu wakuu. Huko waliambiwa pia kwamba mtoto aachwe ajibu kwanza kwa lugha ya kwao.

Mwalimu wa darasa aliwauliza watoto kwa Kiingereza wazazi wao wanafanya kazi gani.

"Baba iko natengeneza milango," binti mmoja alijibu kwa Kiswahili cha kwao.

Fimbo ya mwalimu ikamshukia mgongoni. Ya pili ikampasua sikio, damu ikachuruzika hadi kwenye kola nyeupe. Binti akajitupa chini ya dawati.

Mukabalisa aliiachia tableti ikaanguka, akamrukia mwalimu na kumpokonya fimbo. Akamchapa usoni, akamchapa tena na tena, mpaka mwalimu akapiga magoti mbele ya ubao.

"Nisamehe, Madamu."

Watoto wote walikuwa wamejifunika vichwa kwa mikono. Mukabalisa, akihema, aliinama penye dawati.

"Njoo, mwanangu. Yameisha."

Binti aliitazama fimbo iliyokuwa bado mkononi mwa Mukabalisa, akazidi kurudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.