Nyanya ya Ngano

Bitutu alikuwa akivisha ngano soksi.

Zilikuwa soksi kuukuu za shule za wajukuu, zilizotoboka kisigino, zikashonwa, zikatoboka tena. Alivuta moja juu ya suke, akaifunga kwa uzi, akapumzika, ndipo akasogea kwa suke la pili. Magoti yalikuwa yakilia kama mlango wa stoo.

"Mama, hao watoto wako utawanunulia na viatu?" Roseline alimtania kutoka uani. Huyu alikuwa mke wa mwanawe, aliyeolewa kutoka Rusinga, na mdomo wake haukujua likizo.

"Nyar Rusinga, wewe cheka tu. Kitendawili!"

"Tega."

"Niko na watoto wawili. Mmoja akikomaa anatoroka bila kuaga. Mwingine hatoki nyumbani hata umpige."

"Huyo wa pili ni bwanangu."

Bitutu alicheka mpaka akashika kiuno.

Jibu lilikuwa mbele yao. Mistari ya huku ilikuwa ngano mwitu, ambayo suke lake likiiva tu linavunjikavunjika na kumwaga punje chini, ndiyo maana ya soksi. Mistari ya kule ilikuwa ile ya kale iliyozoeshwa shamba, lakini punje yake imekumbatia kumvi hivi kwamba unaitwanga asubuhi nzima na bado inakutazama. Unga wake nao hauvutiki. Chapati zake zinakatikia mkononi kabla hazijafika mdomoni. Pale mlimani juu ya Magunga hakuna aliyewahi kuomba hata kikombe.

Ililetwa na marehemu mumewe, Nyangau, enzi zile akiwa kibarua kwenye mashamba ya ngano upande wa Njoro. "Hii ni nyanya ya ngano yote," alimwambia. "Ile ya paketi ni kitukuu tu. Siku ugonjwa wa kutu utamaliza vitukuu, watu wa utafiti watakuja kumtafuta nyanya. Usimwache afe." Kisha akafa yeye.

Basi Bitutu akawa anapanda. Mbegu ikikaa ndani sana inakufa, kwa hivyo hakuna msimu aliothubutu kuuruka. Akafukuza ndege, akavisha soksi, akatwanga. Jioni wajukuu walipomzunguka, "Nyanya, tutegee! Nyanya, tupe moja tu!" aliwasukuma taratibu kama vifaranga. "Leo nimechoka. Kesho." Na kesho ikawa hivyo hivyo, mpaka wakaacha kuja.

Msimu huu alijua ni wa mwisho. Mwanawe alishasema hapo patapandwa maharagwe, na mama mtu hakuwa na nguvu ya kubishana. Alichoomba ni kimoja: apatikane mtu wa kumpokea huyu nyanya mikononi mwake, naye akalale.

Ndipo Sabato moja Maurice, mzee wa kanisa, akasimama na tangazo.

"Kuna mgeni wa chuo kikuu, anaitwa Cate. Anatafuta wazee wenye ngano za kale. Anasema wazee wakiondoka zitapotea kabisa, na yeye anataka kuzihifadhi."

Kanisa zima liligeuka likamtazama Bitutu.

Roseline mwenyewe ndiye aliyempigia mgeni simu, akampa mama mkwe azungumze. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya binti mpole, Kiswahili chake kile cha vitabuni.

"Mama, ni kweli unazo?"

"Niko nazo. Aliniachia mume wangu."

"Hujazichanganya na za siku hizi?"

"Ai! Ukichanganya si umeua?"

"Na wanyama, wamo?"

"Wamejaa! Ndege, panya, na nyani ndio wabaya zaidi."

Binti alicheka kwa furaha. "Hizo hasa, mama! Tafadhali usinipunguzie hata kidogo."

Bitutu alirudisha simu ameduwaa. Tangu azaliwe hakuwa ameona mtu wa kufurahia nyani.

Alivuna kwa siku zilizofuata kama mtu anayekunja nguo za safari. Alitoa soksi moja moja. Alitwanga, akapepeta, akachambua punje kwa macho yaliyokuwa yakitoa machozi yenyewe. Vibuyu viwili vikajaa, na hakubakisha hata ya kuonja. Asubuhi ya mgeni, Roseline alimpashia maji ya kukanda miguu. Siku hiyo hakutania.

"Leo unapumzika, mama."

"Leo napumzika, mwanangu."

Cate alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasalimia kwa adabu, akaketi, akanywa chai yote. Bitutu akaburuta vibuyu mpaka miguuni pake, akavifungua.

"Zote ndizo hizi. Sikukupunguzia. Beba uende nazo, mama, mimi nimefika."

Cate aliinama, akachota punje chache, akazinusa, akatabasamu. Akazirudisha taratibu. Akasogeza vibuyu kando, akaweka simu yake kwenye kigoda katikati yao, akabonyeza mahali pa kurekodi sauti.

"Mbegu zako ziweke vizuri, mama, utazipanda msimu ujao," alisema. "Haya, sasa nisimulie ya kwanza. Hapo zamani za kale, palikuwa na nani?"