Mkeka wa Mama Kwenye Skrini

Mzee alichomoa leso mfukoni akaziba pua, kana kwamba kompyuta ile ilikuwa inanuka.

"Zima," alisema. "Zima kabla sijatapika."

Hakuna aliyezima. Bosi wa ofisi alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Binti mchoraji, aliyeihangaikia kazi ile kwa miezi mitatu, alishika ukingo wa meza. Kwenye skrini ulitandazwa mkeka, mistari na pembetatu tupu, na vialama vya mafaili vimekaa juu yake kama kuku wanaoatamia. Mwezi ujao picha hiyo ingefunguka kila asubuhi kwenye kompyuta za shule zote, watoto waone urithi wao kabla ya kitu kingine chochote. Mkeka wenyewe ulisukwa na marehemu mama yake mzee, na bila sahihi ya mzee picha isingekwenda popote.

Pembetatu hazikuwa na kosa. Kilichomtibua nyongo ni rangi.

"Zambarau ya jicho lililopigwa ngumi," alihesabu kwa kidole. "Kijani cha mgongo wa chura. Na hii rangi ya chungwa, hata mtoto mchanga hacheui hivi! Halafu zote zimebanana pamoja. Nani alikwambia wazee wetu walikuwa vipofu?"

"Babu, siku ile nilipokuja kwako kupiga picha, nilichungulia—"

"Ulichungulia! Nimekukaribisha ndani, nimekupa kiti, kumbe wewe unachungulia?"

Bosi alicheka, kisha akaona hapakuwa mahali pa kucheka.

Kwenye rangi, mzee hakuwa mtu wa kudanganywa. Alikuwa amepaka nyumba za watu kwa miaka arobaini na miwili, mpaka mtaani jina lake likasahaulika akabaki Fundi Rangi. Shule ya jioni aliianza akiwa tayari na wajukuu, akamaliza, na kitabu cha rangi alikisoma jalada hadi jalada. Asubuhi hiyo, hata kabla ya kuketi, alikuwa ameshika pazia la ofisi. "Hili lilikuwa jekundu," alimwambia bosi. "Mnalitazama kila siku, ndiyo maana hamjui. Jua ni mwizi mwenye subira."

Na leo hakuja mikono mitupu. Alifungua shuka, akatandaza mezani mkeka wenyewe, pamoja na ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye ukingo wa juu. Rangi ya maziwa. Rangi ya majivu. Kahawia ya chai iliyozidiwa maziwa.

"Huyu ndiye mama yangu," alisema, na sauti ikamshuka.

Mama huyo alifariki mzee akiwa bado anatambaa. Wiki ileile ya mazishi, baba yake aliupigilia mkeka ukutani, mkabala na dirisha, na hapo ukakaa mpaka asubuhi ya leo. Picha ya mama haikuwapo. Waliomjua walikuwa wamekwisha wote, hakubaki hata mmoja wa kuulizwa alitembeaje au alisemaje. Ulibaki mkeka, na mtoto akamsoma mama yake humo: mpole, wa maneno machache, asiyejikweza. Nyumba zote alizopaka Fundi Rangi alizipaka rangi zile. Hata mke alitafuta wa sauti ya chini, ingawa sauti ile ilipanda baada ya harusi.

"Anayechanganya rangi namna hii," alimwambia binti, akiinyooshea skrini kidole bila kuitazama, "ni mwanamke asiye na haya. Anapita barabarani ili atazamwe. Anacheka mdomo wazi. Usimvike mama yangu nguo za mwanamke huyo."

"Labda na yeye alicheka, babu," binti alisema taratibu.

"Futa."

Binti alimtazama bosi. Bosi alitazama meza. "Futa, binti. Mwenye mali amesema."

Kompyuta iliuliza kama ana hakika. Binti alibonyeza. Miezi mitatu iliondoka bila hata kishindo.

"Na nakala?" aliuliza mzee. Mambo ya nakala aliyajua.

"Na nakala, babu."

Skrini ikabaki buluu tupu, na mzee akapumua kama mtu aliyefagia kinyesi mlangoni kwake. Hapo moyo ukamlegea. Akasema mkeka hauondoki. Utundikwe humuhumu ofisini, kati ya kabati na dirisha, ili vijana wawe wanapata pa kujifunzia. Lakini nafasi ilikuwa finyu, ubao ukazidi kwa shubiri moja.

"Nileteeni koleo."

"Babu, acha nikusaidie," binti alisema, akasogea haraka. "Au tusiutoe kabisa. Tutafute ukuta mwingine."

"Msumari alioupiga baba yangu nitaung'oa mimi."

Misumari ilikuwa saba, imekula kutu. Ilitoka mmoja mmoja ikilia. Binti alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Wa saba ulipotoka, mzee aliushika ubao kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunua mgonjwa shuka, akauinua.

Chini yake, kwenye utepe wa upana wa vidole viwili ambao jua halikuwahi kuufikia, mama yake alikuwa amesuka zambarau, kijani na chungwa, zote zimebanana, zinacheka mdomo wazi.