Mshono wa Bega

"Hili halipitishi hata tone," muuzaji alisema, akimvalisha mume wangu koti la pikipiki. "Na viwiko vina kinga. Ukianguka, unainuka unajipangusa vumbi."

Mimi ni fundi cherehani. Nilipitisha kidole ndani ya koti, kwenye mshono wa bega. Haukuwa umezibwa, matundu ya sindano yalikuwa wazi. Nikabinya kinga ya kiwiko, ikanywea yote.

"Kinga gani hii? Hii si sponji ya kuoshea vyombo?"

"Mama, mambo ya pikipiki tuachie wanaume."

Mume wangu alikuwa ameanguka na pikipiki, akatoka hospitali mwezi uliopita, na kiwiko chake kilikuwa bado hakijaota ngozi.

"Pikipiki siijui," nikamwambia. "Mshono naujua."

Nilimvua mume wangu lile koti, nikalikunja bega likawa kama bakuli, nikamimina chupa nzima ya maji. Yakachuruzika kupitia mshono mpaka kwenye viatu vya muuzaji.

"Utalilipia hilo!" akafoka.

Karibu na mlango, dereva mmoja wa pikipiki aliyekwisha kununua na kuvaa koti kama lile alianza kulifungua zipu taratibu, huku amemkazia macho muuzaji.