Panzi na Kobe Wanaoigana

Zamani za wanyama kuvushana mito, walikuwako kobe wanne ndugu. Alichofanya mmoja, wote walifanya. Konokono alimbembeleza mkubwa wao tangu asubuhi hadi adhuhuri amvushe. Alipokubali tu na kuinama, wadogo zake nao wakainama upesi, na Panzi, aliyekuwa amelala kivulini, akarukia mgongo wa kitinda mimba.

"Wewe umeomba nusu siku," Panzi akamcheka Konokono. "Mimi sura yangu imetosha."

Katikati ya mto, Konokono alichoshwa na kejeli.

"Mzee Kobe, nishushe kwenye jiwe hili."

Kobe akajitikisa, Konokono akatua jiweni. Wadogo zake nao wakajitikisa, na Panzi akatumbukia majini.

"Ndugu yangu," akasema akitapatapa, "mwombe tena kobe wako ainame."

"Mwombe wewe," akajibu Konokono. "Una sura."