Kaa Tu, Mzee

Yule mzee hakushuka. Thwaite alikwisha kuwasha gari, akalipasha moto, akafuta kioo cha mbele ambacho hakikuwa na uchafu wowote, na mzee bado kakaa kiti cha abiria, kofia mapajani, mfuko wa dukani miguuni, uso na masharubu yamelowa.

Bandani, gari lilimowekwa, palikuwa pakavu, vumbi limelala juu ya kila kitu. Thwaite, mwalimu wa jiografia mwenye moyo laini, akajua mara moja: mzee amelia.

Tena alikwisha kuonywa. Dakika kumi kabla, jikoni, Bi Ormerod akimimina chai, alimsimulia jinsi mumewe alivyoliunga gari lile kwa mikono yake miwili. Miaka kumi na mmoja, vipande vikija kwenye maboksi, naye mke akila chakula cha jioni peke yake na redio. Sasa limeuzwa, na tangu alfajiri mume hataki kuonana na mtu.

"Utamkuta huko bandani analiaga," alisema. "Usimpe nafasi ya kuongea, baba. Nilimwahidi: akitamka tu kwamba hataki liende, haliendi."

Thwaite alikuwa akilitamani gari la namna hii tangu ana miaka kumi na tisa. Jekundu, halina paa, halina milango, limelala chini hata ukinyoosha mkono unagusa lami. Leo ni lake, mradi mtu mmoja asitamke neno moja.

"Samahani, bwana," mzee akaanza. "Mimi nilikuwa tu..."

"Kaa tu, mzee," Thwaite akamkata kwa upole. "Naelewa. Nitakuzungusha mara ya mwisho."

Akaliondoa.

Nia yake ilikuwa kumshusha kwenye kipilefti cha kutokea mji wa Skipton. Lakini walipofika hapo, manyunyu ya tangu asubuhi yalikwisha kugeuka mvua ya ndoo, na huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako ukikanyagwa mguu anayeomba radhi ni wewe, nani atamwambia mzee wa watu ashuke kwenye mvua? Thwaite akazunguka kipilefti mara mbili akitafuta maneno. Hakuyapata. Akashika njia ya Kendal, kwake, maili arobaini.

Wenye magari yasiyo na paa wana imani yao, na wanaapa kwayo: usishuke chini ya maili hamsini kwa saa, mvua itakupita juu ya kichwa. Thwaite akakanyaga mafuta. Na kweli, kwa maili tatu mvua iliwapita, ikaenda kuwanyeshea kondoo.

Mzee alikuwa akihangaika na mkanda, hajui unafungwa wapi. Majonzi hayo, Thwaite akawaza. Akamuuliza injini ilimchukua muda gani. Mzee akaitazama boneti, akajibu kwamba, kusema kweli, hajui. Thwaite akaacha kuuliza. Kisha akaona mfukoni mle mna chupa ya maziwa. Maskini, huzuni imemfikisha mahali mtu anabeba maziwa bila kujua anayapeleka wapi.

Karibu na Settle wakakuta trekta. Maili nane kwa saa, na barabara haina pa kupitia. Mvua yote iliyokuwa imewapita ikarudi kudai chake. Thwaite akamkabidhi mzee mwavuli; trekta lilipokunja kona, akakanyaga mafuta, mwavuli ukageuka kombe, ukaruka, ukatua malishoni. Mzee akaomba radhi. Thwaite akaomba radhi naye. Basi la watalii likapishana nao, abiria wakisimama vitini kuwapiga picha.

Ingleton, taa nyekundu ikawasimamisha. Mzee akajikohoza.

"Bwana, sipendi kukusumbua. Ila kuna jambo moja dogo kuhusu hili gari..."

Thwaite akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, kwa sauti yote, bila aibu. Mzee akamtazama, akasita, kisha akaona si adabu kumwacha mtu aimbe peke yake, akamwitikia kwa besi. Waliimba beti zote mpaka Kirkby Lonsdale, maji yakiwafika vifundoni, na beti zilipokwisha wakaanza upya.

Kendal, mkewe Glenys alikuwa mlangoni na taulo moja. Alipoona vichwa viwili akarudi ndani kuchukua la pili. Thwaite akamweleza kwa kunong'ona: mwenye gari ndiye huyu, kagoma kuachana nalo, na akifungua kinywa tu, gari limekwenda.

Glenys akamtazama mumewe kama anavyotazamwa mbwa aliyeleta kiatu cha jirani. "Leonard, umembeba mzee wa watu maili arobaini ili asiseme? Mwache aseme."

Thwaite akazima injini. Mvua ikabaki inapiga boneti peke yake. Alilitazama gari lake, jekundu, linavuja kila upande, zuri kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki, akachomoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha mzee.

"Mzee wangu, miaka kumi na mmoja si mchezo. Ukilitaka, ni lako. Sema."

Mzee akafuta uso kwa taulo, akamshukuru Glenys. Akautazama ufunguo. Akaokota mfuko wake uliokuwa unaelea, akachungulia kama chupa i nzima.

"Gari zuri sana, bwana," alisema. "Ila mimi nilitoka kununua maziwa. Mle bandani niliingia kujikinga na mvua."