Mkanju Katikati ya Muhogo

Mwalimu Gershom aliwafunga wanafunzi vitambaa machoni, akawapa majani wanuse na kuyataja.

"Mkwaju!"

"Mwarobaini!"

Watoto wakacheka. Jumwa, aliyekuwa akitwanga mahindi mlangoni pake, hakucheka hata kidogo.

Muda mfupi tu uliopita watoto hao hao walikuwa na majembe, wakipanda miche ya mikanju, yaani mikorosho, waliyoikuza wenyewe kwenye vifuu vya nazi. Tena waliichomeka katikati ya muhogo, isionekane. Badi, msimamizi wa shamba, alipochomoza njiani, mwalimu akatupa majembe kichakani na kuanzisha mchezo wa kunusa.

"Tunasoma msitu, Bwana Badi," alisema, uso mkunjufu. Badi akapita zake.

Jumwa hakuwa mtoto. Shamba lote hili la Kisauni lilikuwa la tajiri wa mjini, naye Jumwa na majirani walikaa kwa ruhusa yake. Panda mahindi, panda muhogo, lakini mti wa kudumu marufuku. Mti una mwenyewe, na mwenye mti ana haki yake hata kama ardhi si yake. Sasa mgeni huyu kutoka Ribe anapanda miti milangoni mwa watu kwa mikono ya watoto!

"Mti ule ni wa nani?" alimwuliza bintiye Kanze jioni.

"Wangu, mama. Kila mtoto ana wake kwao."

Jumwa akaguna. Mwalimu angekubali vipi kuwa miti ni yake? Mwizi gani huanza kwa kujitaja?

Akamwendea mwalimu. "Miti hii ya nini hasa?"

Gershom akachungulia njiani kwanza, kisha akashusha sauti. "Mama Kanze, nyamaza tu. Umwagilie maji. Utakuja kunishukuru."

Kunong'ona huko ndiko kulikomtia hofu. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, na yeye hakuwa na pengine pa kwenda duniani.

Mvua za masika zikaja, zikaenda, zikaja tena. Mkanju ukamfika Kanze kifuani, na kadiri ulivyorefuka ndivyo Jumwa alivyokosa usingizi. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Habari ikaenea kwamba tajiri amefariki na warithi wake wameliuza shamba. Jumwa akajua saa ya mwalimu kuidai miti, na nyumba pamoja nayo, imefika. Akashika jembe, akaung'oa mkanju mzima mzima, akauchoma jikoni. Kanze alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nyamaza, mwanangu," Jumwa akamwambia, moyo mweupe kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. "Nimetuokoa."

Kesho yake Badi akaja na mnunuzi. Kwa jirani, Mbeyu, mwalimu alikuwa amesimama na watoto. Mvulana wa Mbeyu akaufunua muhogo.

"Mti wa nani huu?" Badi akauliza.

"Wangu."

Badi akamtazama mwalimu kwa jicho kali, kisha akamgeukia mnunuzi. "Hawa huwatoi, bwana. Wana mti. Hata mahakamani utashindwa."

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

Wakafika kwa Jumwa. Badi akapekua muhogo huku na huku, akakanyaga udongo uliochimbuliwa jana. Halafu akatabasamu.

"Hapa ndipo pa kuanzia, bwana."